Ng'ombe Haumbi Mboji, Huihamisha

Bonge la udongo lililochimbuliwa chini ya miti ya Buyangu, likidondoshwa ndani ya gilasi ya maji, hutulia. Hutoa viputo viwili vitatu vya hewa, hulowa taratibu, na dakika kumi baadaye bado ni bonge. Bonge la ukubwa uleule kutoka shamba la mahindi lililolimwa kwa miongo mingi nje ya mpaka wa hifadhi huanza kumeguka mara linapoguswa na maji, na kabla hujahesabu hadi sitini limekuwa tope jekundu kwenye kitako cha gilasi. Pande zote mbili hunyeshewa mvua ileile, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na zamani zote mbili zilikuwa msitu mmoja. Kilichopungua shambani ni gundi. Wataalamu huipima kama kaboni. Mkulima huijua kwa ule weusi unaobaki vidoleni baada ya kupalilia. Hapa nitaiita mboji, nikiwa na maana ya mabaki yote ya majani, mizizi, samadi na vijidudu yaliyokwisha kuoza na kushikamana na udongo, ambayo takriban nusu ya uzito wake ni kaboni.

Buyangu ni upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, ule ulio chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, tangu ulipotangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa mwaka 1985. Ukiwa juu ya kilima chake unaona msitu ukiishia pale na mahindi yakianzia palepale. Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579 katika sensa ya 2019, zaidi ya 600 kwa kila kilomita mraba, na ekari moja kwa familia si jambo la ajabu. Udongo wenyewe ni mkongwe, una tindikali, na mvua ya karne nyingi imeuchuja madini. Udongo wa mfinyanzi wa aina hii hauna uwezo mkubwa wa kushika virutubisho peke yake; ghala lake ni mboji. Na mboji hiyo, katika nchi ambayo joto na unyevu havikatiki kwa miezi mingi, huliwa na vijidudu kwa kasi isiyojulikana kule Ulaya kwenye majira ya baridi. Msitu haukutajirika kwa sababu udongo wake ni mzuri. Unaonekana mzuri kwa sababu kila siku unaangushiwa majani mapya, na hakuna anayeyachukua.

Kinachotokea majani yakikoma kuanguka kimepimwa hapahapa. Mwaka 2008, Joseph Kimetu na wenzake, akiwemo Johannes Lehmann wa Chuo Kikuu cha Cornell, walichapisha matokeo ya majaribio kwenye mashamba ya magharibi mwa Kenya yaliyokuwa msitu zamani. Walichagua mashamba yaliyofyekwa nyakati tofauti, mengine miaka mitano tu iliyopita na mengine zaidi ya miaka 100, wakayapanga kama ngazi ya umri. Pale ambapo mahindi yalilimwa mfululizo, mavuno yalishuka kwa asilimia 66 katika miaka 35 ya kwanza, kisha yakakwama kwenye tani 3 hivi kwa hekta, hata yalipopewa mbolea kamili ya dukani. Hayo ni kama magunia 13 ya kilo 90 kwa ekari. Babu aliyefyeka hakuona tatizo, kwa kuwa alikula akiba ya msitu. Mjukuu ndiye aliyelikuta ghala tupu.

Dawa inayotolewa karibu katika kila mkutano wa maafisa wa kilimo ni kilimo mseto: ng'ombe wa maziwa bandani, nyasi za nepia pembeni, maharagwe kati ya mahindi, miti mipakani, samadi inarudi shambani na mzunguko unajifunga. Naiunga mkono dawa hiyo. Lakini nadhani tumeieleza vibaya, na maelezo mabaya yanamgharimu mkulima. Tunamwambia kwamba mzunguko huu unajenga mboji, kana kwamba ng'ombe ni kiwanda chake. Ushahidi wa nchi yetu wenyewe unasema jambo jingine: kilimo mseto huihamisha mboji kutoka sehemu moja ya shamba hadi nyingine, hupunguza kasi ya kupotea kwake, na njiani hutoa maziwa, maharagwe na kuni. Kuiongeza kweli kunahitaji kitu ambacho mzunguko peke yake hauna, yaani majani na mizizi mingi zaidi ya ile inayoota sasa.

Tuanze na kuhama. Katika miaka ya 2000, Pablo Tittonell na wenzake walipima mashamba ya wakulima wadogo katika maeneo matatu ya magharibi, mojawapo likiwa Shinyalu, jirani ya msitu huuhuu upande wa kusini. Walikuta kwamba ndani ya boma moja, chini ya mkulima mmoja, udongo ulio karibu na nyumba hutofautiana na ule wa mbali kana kwamba ni wa wilaya mbili. Karibu na jikoni, ambako majivu humwagwa, maganda ya ndizi hutupwa na samadi hubebwa kwa ndoo, mahindi hunenepa na sukuma wiki haikauki. Kule mwisho wa shamba, bua ni jembamba na jani lina rangi ya majani ya chai yaliyochujwa. Mara nyingi tunadhani tofauti hiyo ni ya asili, kwamba nyumba zilijengwa penye rutuba. Sehemu yake pengine ni kweli. Sehemu kubwa, hata hivyo, imetengenezwa na miguu na toroli. Kila jioni mabua na nepia hutoka shamba la mbali kwenda bandani, na samadi inayotokana nayo humwagwa hatua thelathini kutoka mlangoni, kwa sababu ni nzito na mtu amechoka. Baada ya miaka ishirini, mboji ya kule chini imehamia bustanini. Mgeni akija anaonyeshwa bustani.

Ndiyo maana mpaka wa Buyangu una uzito wa pekee. Katika sehemu za kusini zinazosimamiwa na Huduma ya Misitu, KFS, wakazi wameruhusiwa kwa malipo madogo kukata nyasi, kuokota kuni na kuchunga mifugo. Ng'ombe anayekula nyasi za msituni na kulala bomani huleta shambani rutuba ambayo shamba halikuizaa. Upande wa Buyangu, KWS haikubali uchotaji wa namna hiyo. Mkulima wa upande huu, kwa hiyo, amebaki na mzunguko wa kweli usio na ruzuku ya msitu, na mzunguko wa kweli una hesabu ngumu.

Hesabu yenyewe si ya siri. Sentimita 20 za juu za udongo katika ekari moja zina uzito wa takriban tani 900, kwa hiyo asilimia moja ya kaboni ndani yake ni tani 9. Shamba linalotoa magunia 13 kwa mwaka huacha mabua kama tani moja na nusu, yenye kaboni isiyozidi kilo 700. Yakirudishwa yote ardhini, bila ng'ombe kuonja hata jani, vijidudu vitakula sehemu kubwa na kuirudisha hewani; tuchukulie kwamba moja ya kumi inabaki kama mboji, kilo 70. Tuseme mizizi inaongeza nyingine kama hizo, ziwe 140. Upande wa pili, udongo wenye asilimia 2 za kaboni una tani 18 kwa ekari, na ikioza hata asilimia 2 tu kwa mwaka, ambacho ni kiwango cha chini kwa udongo unaotifuliwa kwa jembe mara mbili kila mwaka katika joto letu, zinaondoka kilo 360. Ziingiazo 140, zitokazo 360. Unaweza kuzipinga tarakimu hizi moja moja, ukaongeza hapa na kupunguza pale, lakini ni vigumu kuzifanya zilingane kwa shamba la magunia 13.

Ng'ombe anabadilisha nini katika hesabu hiyo? Kidogo sana, na hapa ndipo penye habari njema ambayo haitangazwi. Watafiti wa Denmark walilinganisha, mwaka 2013, malisho yaliyozikwa ardhini moja kwa moja na malisho yaleyale baada ya kupitia tumboni mwa ng'ombe, kupitia mtambo wa biogesi, au kupitia vyote viwili. Walikadiria kwamba kaboni itakayobaki udongoni kwa muda mrefu, ikipimwa dhidi ya ile ya malisho ya mwanzo, ni asilimia 12 hadi 14 kwa njia zote. Kile ambacho ng'ombe anakiyeyusha ndicho ambacho vijidudu vya ardhini vingekiyeyusha baadaye. Maana yake ni kwamba maziwa hayaibi mboji. Sehemu ya bua ambayo ingepaa hewani bila faida imegeuzwa chai ya watoto na ada ya shule, au moto wa kupikia kama kuna mtambo wa biogesi. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kumtetea ng'ombe bandani. Sharti lake ni moja: kile kinachotoka nyuma ya ng'ombe kifike shambani kikiwa kizima. Lundo lililoachwa juani na mvuani, linalonuka mkojo kiasi cha kuwasha macho na kutiririsha maji ya kahawia hadi mtaroni, limekwisha kupoteza naitrojeni kabla ya mtu kushika koleo.

Hata likitunzwa vizuri, matarajio yawe ya kiasi. Kule Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kuna jaribio la mahindi na maharagwe lililoanzishwa mwaka 1976. Baadhi ya vipande hupewa mbolea ya dukani, vingine samadi, vingine mabua yaliyoachwa palepale, na vingine vyote vitatu. Baada ya takriban miaka 18 ya kulima, mboji ilikuwa imeshuka katika kila kipande. Pale palipopewa vyote ilishuka polepole; pale palipoporwa mabua bila kurudishiwa chochote ilianguka. Magharibi, kituo cha utafiti cha CIAT kilianza majaribio kama hayo miaka ya 2000, kikichanganya samadi, mbolea, mabua na kulima bila kutifua sana. Rolf Sommer na wenzake walipotoa matokeo mwaka 2018, walikiri waziwazi tangu kwenye kichwa cha makala yao: upotevu ulipunguzwa, lakini kaboni haikuongezeka. Hao ni watu waliotumaini jibu tofauti, na nawaheshimu kwa kutolificha.

Kuna watakaosema kwamba matokeo hayo yanakiua kilimo mseto. Sivyo. Mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli hahitaji breki zinazompandisha juu ndipo azithamini. Shamba linalopoteza mboji kwa nusu ya kasi ya jirani yake litakuwa na mboji ya kutosha wakati la jirani limegeuka tope kwenye gilasi. Zaidi ya hayo, mkulima halimi kaboni, analima chakula. Katika mashamba ya Kimetu yaliyochoka kabisa, kuongeza juu ya mbolea ya dukani vitu vya asili, yaani alizeti mwitu, samadi, vumbi la mbao na unga wa makaa, kulipandisha mavuno vizuri, na unga wa makaa uliyafikisha kutoka kama tani 3 hadi kama 6 kwa hekta. Na udongo uliochoka zaidi ndio uliofaidika zaidi. Hilo linapaswa kumfanya mtu atazame upya njia ya toroli: samadi inayomwagwa kwenye bustani iliyokwisha kushiba inafanya kazi ndogo kuliko ambayo ingeifanya kule chini.

Swali gumu ni wapi yatoke hayo majani ya ziada. Alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano iliyojaa kwenye ua na kando ya barabara za magharibi, ilichunguzwa sana miaka ya 1990 na watafiti wa taasisi za kilimo na misitu za KARI, KEFRI na ICRAF waliokuwa Maseno. Jani lake likikauka lina naitrojeni ya asilimia 3.5 hivi na potasiamu zaidi ya hiyo, na huoza ndani ya wiki chache. Ni mbolea nzuri ya sukuma wiki. Kama chanzo cha mboji ya ekari nzima, haitoshi: jani lake linaoza haraka mno, na kukata na kubeba majani mabichi ya shamba zima kunamaliza mgongo wa mama mmoja kabla ya msimu kuanza. Tena, nayo hunyonya ua na kando ya barabara, ambazo zenyewe hazirudishiwi kitu. Huko nako ni kuhamisha.

Kwa hiyo narudi kwenye jambo ambalo watetezi wengi wa kilimo asilia hawapendi kulisikia. Katika udongo wa Buyangu wenye njaa ya fosforasi na naitrojeni, njia ya karibu ya kupata majani mengi ni mbolea ya dukani kwa kipimo, pamoja na chokaa. Wanaopinga wanasema mbolea huua udongo. Wana haki kwa jambo moja: mbolea ya DAP ikimwagwa mwaka hadi mwaka kwenye udongo ambao tayari una tindikali huongeza tindikali hiyo, na mkulima asiyetia chokaa anajichimbia shimo. Mbolea peke yake kule Kabete haikuiokoa mboji, wala haikuyaokoa mavuno katika mashamba ya Kimetu yaliyochoka kabisa; ndiyo maana iende pamoja na samadi. Lakini mahindi ya magunia 30 huacha mabua na mizizi zaidi ya maradufu ya mahindi ya 13, na kijidudu kinachogeuza bua kuwa mboji kinahitaji naitrojeni na fosforasi mwilini mwake, maana sehemu kubwa ya mboji ya kudumu ni mizoga ya vijidudu hivyo. Bua kavu lisilo na naitrojeni, likizikwa kwenye udongo maskini, huoza kwa kuupora mmea jirani. Kinachoiua mboji katika mashamba yetu ni mavuno duni yanayobebwa yote, kuanzia punje hadi gunzi. Gunia la mbolea likinunuliwa ili mabua yaongezeke na nusu yake ibaki shambani, limefanya kazi mbili.

Njia ya pili ni mizizi isiyong'olewa. Kaboni inayowekwa ardhini na mzizi hudumu kuliko ile ya jani lililoanguka juu, na mazao tunayopanda na kung'oa kila baada ya miezi minne hayana muda wa kuiweka. Hapa mfumo wa sukuma-vuta, uliobuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Mbita chini ya Zeyaur Khan pamoja na watafiti wa Rothamsted, Uingereza, una sifa ambayo mara nyingi hutajwa mwisho. Ulienezwa kwa sababu desmodiamu kati ya mistari ya mahindi hufukuza nondo wa viwavi vinavyotoboa mabua na kuzuia striga, gugu ambalo wengi magharibi huliita kayongo, huku nepia pembeni ikiwavuta nondo hao. Lakini desmodiamu ikipandwa mara moja hukaa kwa miaka. Hufunika ardhi, huvuta naitrojeni kutoka hewani, mizizi yake hufanya kazi hata mahindi yakishavunwa, na ni lishe ya ng'ombe isiyodai kipande kingine cha ardhi. Mkulima mwenye nusu ekari hawezi kuacha shamba lipumzike miaka mitatu. Anaweza kuacha mistari yake ipumzike huku mahindi yakiendelea katikati. Ni kweli mbegu ni ghali na kupalilia kwa mwaka wa kwanza ni kazi ya mkono na ya uangalifu, maana desmodiamu changa hufanana na gugu machoni pa kibarua. Gharama hiyo ndiyo inayostahili kusaidiwa na kaunti, kabla ya semina nyingine kuhusu mboji.

Kuhusu unga wa makaa, Buyangu inafaa kuwa na tahadhari kuliko mahali pengine popote. Ukitangaza kwamba makaa huzidisha mahindi maradufu katika kijiji kinachopakana na msitu wa mvua wa mwisho wa namna yake nchini Kenya, msitu ambao uchomaji makaa umekuwa adui yake kwa miaka mingi, umetangaza soko jipya la miti ya msitu. Magunzi, maganda ya maharagwe na mabaki ya miwa ya ukanda wa Mumias yanafaa. Mti wa asili haufai, hata ukiwa umeanguka.

Limebaki suala la fedha za kaboni. Mradi wa shirika la Vi Agroforestry katika maeneo ya Bungoma na Kisumu, uliosaidiwa na mfuko wa Benki ya Dunia, ulipata mwaka 2014 hati za kwanza za kaboni ya mashamba ya namna hiyo. Ulikuwa mradi wa watu makini, na wakulima wake walijifunza mengi. Ila kaboni yake ya udongo ilikadiriwa kwa modeli ya kompyuta kufuatana na desturi za kilimo zilizoripotiwa, na mgawo wa kila mkulima ulikuwa mdogo. Baada ya matokeo ya Sommer na wenzake, dalali anayekuja magharibi na mkataba anapaswa kuulizwa swali moja kabla ya chai: unalipia kaboni iliyoongezeka, au upotevu uliozuiliwa? La pili ni halali, na linaweza kulipiwa kwa haki. La kwanza, kwa shamba la kawaida la mahindi la Kakamega, bado halijaonyeshwa kwa koleo na mizani. Mkulima akiahidiwa ongezeko, kisha vipimo vikaonyesha mshuko, atakayelaumiwa ni yeye, wakati huenda amefanya kazi nzuri kuliko wote kijijini.

Vipimo hivyo navyo vichukuliwe mahali sahihi. Afisa akichota udongo kwenye bustani ya nyuma ya jiko atarudi Kakamega mjini na habari za matumaini. Ng'ombe mmoja wa bandani hutoa kama tani moja ya samadi kavu kwa mwaka, toroli ishirini au thelathini, na kila moja inaweza kuhesabiwa inapotoka. Kinachohitajika ni daftari, na safu mbili ndani yake: zilizoishia hatua thelathini kutoka mlangoni, na zilizofika mwisho wa shamba, kule ambako bonge la udongo linayeyuka majini.